Urithi Bila Hatia

Soma Yohana 9:1–3. Kwa nini wanafunzi walidhani kwamba lazima awepo mkosaji?

Wanafunzi walimpa Yesu majibu mawili achague: amekosa kipofu mwenyewe, au wamekosa wazazi wake. Yesu aliyakataa yote mawili. Hata hivyo swali lao halijafa. Huulizwa tena katika nyumba ambamo ndugu wawili au watatu wanapoteza kuona, mmoja baada ya mwingine, na majirani wanaanza kunong’ona juu ya laana ya ukoo. Mara nyingi lawama humwangukia mama.

Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ni retinitisi pigmentosa, unaompata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani. Huharibu utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kijana huanza kujikwaa jioni; kwa kuwa mchana anaona vizuri, huambiwa ni mzembe. Baadaye pande zote hufifia, akawa kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Anaweza kusoma Zaburi, kisha akampita rafiki aliyemnyoshea mkono. (Hapo ndipo huitwa mwenye kiburi.)

Katika namna mojawapo ya urithi wake, baba na mama wote wanaona vizuri. Kila mmoja amebeba jeni moja yenye kasoro pasipo kujua, na kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuugua. Mkosaji atafutwe wapi?

Wengine hujibu kwa Kutoka 20:5. Lakini fungu hilo linawataja wamchukiao Mungu, na Ezekieli 18:20 hairuhusu mwana achukue uovu wa baba. Ellen G. White, katika Wazee na Manabii, anatenganisha matokeo na hatia: watoto huumia kwa makosa ya wazazi, ila hawaadhibiwi kwa hatia hiyo wasiposhiriki dhambi zenyewe. Na hapa hata kosa la mzazi halipo.

Familia na iombe uponyaji. Bali kumwambia anayezidi kupoteza kuona kwamba imani yake ni haba ni kumjeruhi mara ya pili. Paulo naye aliomba mara tatu (2 Wakorintho 12:8, 9).

Walawi 19:14 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Kikwazo chaweza kuwa benchi lililosogezwa njiani, au ibada ya kufungua Sabato inayomalizika gizani pasipo mtu wa kumshika mkono.

Jadili: Ni nani aliyeacha kuja Ijumaa jioni, na je, yuko aliyekwenda kumuuliza sababu?