Neno "Mtume" na Nyaraka za Paulo

 

Muislamu wa Lindi au Mikindani apandapo Newala, au afikapo Masasi, hukuta Waislamu na Wakristo wamechanganyika hata katika ukoo mmoja. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipowapeleka huko kutoka Unguja watumwa walioachwa huru. Naye ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Katika Agano Jipya la Kiswahili Paulo huitwa "mtume", neno lile lile tumwitalo Muhammad (s.a.w.). Hapo ndipo ugomvi uzukapo: huyu asema, "Paulo ni mtume," na huyu ajibu, "Si mtume," na wala hawasemi jambo moja.

Kwetu sisi, mtume ni aliyeletewa wahyi na Mungu. Kwao, ni mjumbe aliyetumwa na Isa (a.s.), na Paulo hakuwa katika wale thenashara, bali wao husema Isa alimtokea katika njia ya Dameski. Nasi twajua kuwa Isa alikuwa na Hawariyuna, na baadhi ya wafasiri wa Sura ya Yasin wamesema wajumbe wale waliopelekwa mjini walikuwa watu wake. Lakini mjumbe wa mjumbe hufikisha tu.

Basi la kuuliza si jina, bali ni hili: maneno ya waraka ni ya nani? Paulo mwenyewe, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 7, anenapo juu ya ndoa, hupambanua lililo amri ya Bwana na lililo shauri lake. Ikiwa mwandishi amepambanua, yampasa msomaji naye apambanue. Tena orodha ya vitabu 27, kama ilivyo leo, twaiona katika barua ya Athanasius, askofu wa Iskandaria, ya mwaka 367. Na Waraka kwa Waebrania haumtaji mwandishi wake. Mkristo atajibu kuwa kanisa lilivipokea kwa uongozi wa Roho Mtakatifu. Ni haki kumsikiliza. Walakini huo ni ushahidi wa waliopokea.

Nasi tujue, ndugu zangu, mizani hii yatupima na sisi. Amtakaye Mkristo sanadi ya Paulo, kisha akasema "Mtume amesema" kwa habari aliyoiokota barazani, hoja yake imekwisha kuvunjika. Kumzulia Mtume ni dhambi kubwa kuliko kushindwa katika mjadala. Asiyejua na aulize wenye elimu kwanza, ndipo aseme.

Wallahu aalam.