Aliyeitwa Afike



Simu ikipigwa saa nane za usiku kutoka Entarara kwamba mama ana uchungu na anavuja damu, kuna mtu wa ambulensi Kitengela anaipokea. Tangu hapo roho ya yule mama ni amana shingoni mwake. Kutibu wagonjwa ni fardhi kifaya, wakitosha wachache sisi wengine tumesamehewa. Lakini mafakihi wamesema, asipokuwepo mwingine, fardhi humwelemea aliyepo ikawa fardhi aini, yaani wajibu wake binafsi. Dereva na muuguzi wa zamu ndio hao. Wamesema pia, anayeswali akiona mtu anazama naye anaweza kumwokoa, aikate swala. Ikiwa swala inakatwa, wapi pana nafasi ya kuuliza kwanza nani atalipa mafuta?

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu ndani yake huduma ya kabla ya kufika hospitali. Hata hivyo Oktoba 2015, Katiba hiyo ikiwa tayari inatumika, mtu aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Wa ambulensi walikuwa naye. Milango ya hospitali ndiyo haikufunguka.

Mto ukifurika njiani, mhudumu wa ambulensi hakalifishwi kujitupa kwenye maangamizi, Qur'ani imekataza. Ila ni wajibu wake kusema mara moja kwamba hapiti, watu watafute njia nyingine. Kuwaacha wakingoja ni khiyana.

Na sisi je? Masika udongo mweusi wa huku unameza magurudumu, na njia nyingi hazina majina. Dereva anauliza, "Nikunje wapi?" Anajibiwa, "Uliza tu hapo mbele." Usiku huo amuulize nani? Akifika anakuta geti lina kufuli na mbwa wamefunguliwa. Ikiwa tunaweza kumfikisha na hatufanyi, dhambi ya kifaya ni yetu sote.

Leo baada ya Ijumaa, vijana wenye pikipiki wabaki. Tugawane zamu, tujue kila usiku nani atatoka na tochi hadi lami kuipokea ambulensi, na nani ana namba ya nani.