Baiskeli ya Ndugu Yako na Ulimi Wako

 

Ndugu zetu Waislamu, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuuona waraka huu, ambao desturi yake ni kuzungumza juu ya sala, zaka, ndoa na mirathi, leo wazungumza juu ya baiskeli. Lakini dini yetu haikuliacha jambo la mwanadamu pasina kulitia hukumu, na ulimi wa Muislamu ni ule ule, akiwa msikitini au akiwa njiani juu ya tandiko.

Katika mji wetu wa Mombasa wako vijana, na watu wazima pia, walioupenda mchezo wa kuendesha baiskeli za mbio. Siku za Jumapili, wakisha sali Alfajiri, hukutana, wakavuka daraja la Nyali, wakashika njia ya Mtwapa, na wenye nguvu wakafika Kilifi. Kisha hurudi kabla jua halijawa kali. Katika hilo hatuna la kuwalaumu. Mwili ni amana, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba Muumini mwenye nguvu apendeza zaidi mbele ya Mola wake kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Kijana alalaye mapema ili aamke na Alfajiri, kisha aendeshe baiskeli, ni bora mara nyingi kuliko yule anayekesha barazani na mirungi mdomoni.

Lakini mchezo huu umeingiwa na ada moja mbaya. Kabla ya kuondoka, na tena wanapopumzika kunywa chai, kila mmoja huikagua baiskeli ya mwenzake na kumkagua mwenzake mwenyewe. Tandiko la huyu limeinua pua. Usukani wa yule uko juu kama wa baiskeli ya muuza mikate. Utepe wa usukani haufanani na rangi ya tandiko. Soksi za fulani ni fupi, miguu ya fulani ni myembamba, na fulani tumbo lake lagusa fremu. Hapo hucheka wote, na aliyetajwa naye hucheka, kwani afanye nini?

Ada hii haikuzaliwa kwetu. Imekuja na mchezo wenyewe kutoka Ulaya, ambako wapenzi wake wana kanuni nyingi za jinsi baiskeli na mpandaji wake wapasavyo kuonekana. Tena chama cha baiskeli cha ulimwengu, kiitwacho UCI, kilichoundwa mjini Paris mwaka 1900, kina sheria zake za mashindano: baiskeli isiwe na uzito chini ya kilo 6.8, na soksi isipande kupita nusu ya muundi. Hizo ni sheria za washindanao, ili mtu asipate ushindi kwa chombo badala ya nguvu zake, wala asijihatirishe kwa chombo chepesi mno. Ama mtu aendaye Mtwapa kunyoosha viungo na kunywa chai, amemdhulumu nani kwa soksi yake?

Sasa tutawaeleza lililotufanya tushike kalamu. Katika mwezi wa Shawwal mwaka 1445, nao ni mwaka 2024, wakati wa mvua za masika, kijana mmoja anayejifunza useremala alikuja kujiunga na waendeshaji hao. Alikuja na baiskeli ya chuma aliyoachiwa na marehemu mjomba wake, nayo imepakwa rangi ya kijani kwa brashi. Watu kiasi cha tisa wakaizunguka. Mmoja akauliza kama rangi ile ilibaki kutoka mlango wa duka. Mwingine akasema tandiko lile lafaa punda. Picha ikapigwa, ikapitishwa simu kwa simu. Na sisi tulikuwapo barazani, mlangoni mwa msikiti, tukayasikia yote hayo, tukatabasamu. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Haikupita saa moja, katika mteremko, na njia imelowa, kijana yule akashika breki, baiskeli isisimame. Akaiacha njia, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia, nao ndio mkono ushikao randa. Baadaye fundi alipoitazama baiskeli, aliona kwamba raba za breki ya mbele zimekwisha hata chuma kinasugua rimu, na waya wa breki ya nyuma umekatika nyuzi zake nyingi. Hayo ni mambo yanayoonekana kwa macho na mtu yeyote anayeijua baiskeli.

Tulipokwenda kumzuru, alitwambia neno ambalo hatulisahau: "Maalim, siku ile waliikagua baiskeli yangu mpaka rangi ya soksi. Nikadhani, lau ina kasoro ya maana, watu hawa wangelinambia."

Ndugu zetu, litazameni neno hili vizuri. Macho kumi na manane yaliitazama baiskeli ile, na ndimi tisa ziliizungumza, wala haukupatikana ulimi mmoja wa kusema: ndugu yangu, breki yako imekwisha. Hiyo ndiyo hasara ya kejeli. Watu hudhani ya kuwa kejeli humuumiza mtu moyo tu, kisha hupoa. Nayo hufanya zaidi ya hayo, kwani hukaa mahali pa nasaha ikaziba njia yake. Mwenye kutafuta la kuchekesha haoni la kutengeneza.

Mwenyezi Mungu ametukataza jambo hili kwa uwazi katika Suratul Hujurat, aya ya 11. Amewakataza wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, na wanawake wasiwadharau wanawake wenzao, na akataja sababu yake: huenda wale wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaowacheka. Kisha akakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Na Imam Ghazali, alipoyahesabu maovu ya ulimi katika kitabu chake cha Ihyaa, aliifanya dhihaka kuwa moja katika hayo.

Ubora uliokusudiwa katika aya ni ubora mbele ya Mwenyezi Mungu, nao hatuna mizani ya kuupimia. Abdullahi bin Mas'ud (R.A.) alikuwa na miguu myembamba. Siku moja alipanda mti kukata miswaki, upepo ukamfunua miundi, watu wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini, walipomwambia ni wembamba wa miguu yake, akaapa kwamba miguu hiyo ni mizito zaidi katika mizani kuliko jabali la Uhud. Basi ewe ndugu unayeicheka miguu ya mwenzako juu ya pedali, wajuaje uzito wake siku ya Kiyama?

Lakini hata katika mambo ya dunia, na hata katika mchezo huu wenyewe, hikima ya aya hii imedhihiri mara nyingi. Huko Ufaransa alikuwako mtu aitwaye Paul de Vivie, aliyehimiza baiskeli ziwe na gia za kubadilisha ili mtu apande milima bila ya kujiumiza. Henri Desgrange, ambaye baadaye aliyaanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, aliandika mwaka 1902 kwamba gia hizo ni za watu waliopita miaka arubaini na mitano tu. Wakimbiaji wakubwa wa mashindano hayo walinyimwa gia za namna hiyo mpaka mwaka 1937. Leo ni nani aendeshaye baiskeli ya mbio isiyo na gia? Wanaozicheka baiskeli za wenzao wamekalia kitu kilichochekwa jana.

Na mwaka 1993 Mskoti mmoja, Graeme Obree, alikwenda Hamar, nchini Norway, na baiskeli aliyoitengeneza mwenyewe, na ndani yake mmetiwa chuma kilichotoka katika mashine ya kufulia nguo. Alikaa juu yake kwa namna ya ajabu, mikono ameikunja chini ya kifua. Mwenye kuipima kwa macho angeliiweka nje ya mlango. Naye akaenda kilomita 51.596 kwa saa moja, mwendo ambao hapana aliyekuwa ameufikia kabla yake kwa hesabu ya chama hicho. Na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na akajifunza mchezo huu hapa Kenya kwa David Kinjah, alisemwa sana kwa ubaya wa mkao wake: viwiko vimetoka nje, na kichwa amekiinamisha. Kwa mkao huo huo aliishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Wala asijidanganye mwenye baiskeli nzuri. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia wake aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja Bedui na ngamia wake mdogo, akamshinda. Waislamu wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kwamba ni ada ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachopanda katika dunia. Ikiwa ngamia wa Mtume alishindwa, sembuse baiskeli ya kaboni?

Hapa patakuwa na mwenye kusema: "Je, ni haramu kupenda kitu kizuri?" Twajibu: Hapana. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, akafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi ing'arishe baiskeli yako upendavyo, maadamu umeinunua kwa mali yako ya halali pasina israfu. Lakini tumemjua kijana aliyekopa fedha kununua magurudumu mapya, na yale ya kwanza yalikuwa mazima, ili apate kuokoka na ndimi za wenzake tu. Deni lile lilipolipwa kwa posho ya nyumbani, waliomcheka hawakuwapo.

Na mwengine atasema: "Sisi twataniana tu, na yeye mwenyewe alicheka." Twajibu: Utani baina ya watu waliozoeana, usio na uwongo wala maumivu, haukukatazwa. Lakini kicheko cha mgeni aliyezungukwa na watu tisa si ridhaa. Bibi Aisha (R.A.) aliashiria ufupi wa Bibi Safiya (R.A.) kwa neno dogo, na Mtume akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Sisi watu wa pwani twaijua bahari na ukubwa wake; basi na tulipime neno letu kwa kipimo hicho.

Na wa tatu atasema: "Sisi twampa nasaha." Nasaha ina alama zake tatu, na kila mmoja aweza kuzijua.

Kwanza, huwa juu ya jambo lenye manufaa au madhara ya kweli: breki, tairi lililokwisha, taa ya nyuma, kofia ya kukinga kichwa, au vazi lililomwacha mtu wazi baina ya kitovu na magoti, kwani hiyo ni tupu ya mwanamume na ni wajibu kuisitiri. Rangi ya utepe haimo.

Pili, husemwa kwa faragha na kwa upole. Anayeita watu waje kusikiliza hatoi nasaha, bali ataka kusifiwa.

Tatu, mwenye kuitoa hutia mkono wake. Aliyekwambia breki yako imekwisha, kisha akakushikia spana, huyo ndiye ndugu. Mtume (S.A.W.) amemfananisha Muumini na kioo kwa Muumini mwenzake; na kioo humwonyesha mtu doa lake ili alifute, wala hakiwaiti majirani.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu waendeshao baiskeli mambo mawili. La kwanza, wasiondoke asubuhi mpaka kila mmoja ameitazama baiskeli ya mwenzake, breki zake, tairi zake na mnyororo wake, na aliye na kasoro asaidiwe hapo hapo au arudishwe nyumbani kwa heshima. La pili, aliyemcheka mwenzake aende kumwomba radhi, maana haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake.

Ama yule kijana, waliomcheka walikwenda kwake na kumtaka radhi, na sisi tukaenda, kwa kuwa tabasamu letu lilikuwa fungu letu katika kosa lile. Alitusamehe sote. Walichanga fedha, baiskeli ikatiwa raba na waya mpya, na rangi yake ya kijani ikaachwa kama alivyoipaka marehemu mjomba wake. Mkono umepona na amerudi kazini. Lakini Jumapili haji tena kuendesha pamoja nao, na hatuwezi kumlaumu. Moyo uliovunjwa mbele ya watu tisa haufungwi kwa bendeji.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, ayafungue macho yetu tuyaone yanayowadhuru ndugu zetu kabla ya kuona yanayotuchekesha, na atujaalie tuwe vioo vya wenzetu. Amin.