Mwewe Juu ya Bucha

Jumamosi tulitoka Riruta Satellite kwa miguu, marafiki kadhaa, tukielekea Msitu wa Ngong unaopakana na Kibera. Mwewe tulimwona mapema, mtaani kwetu, akizunguka juu ya bucha, mkia wake wa panda ukipinda huku na huku kama usukani. Akishanyakua kipande cha nyama hukila angani, bila kutua. Msituni, maua ya rangi ya chungwa yalizunguka shina kwa mafundo, na chozi akadumbukiza mdomo wake uliopinda katika kila ua. Msitu huu ulitangazwa hifadhi mwaka 1932. Tai wa taji, mwindaji wa kima, hujenga kiota kwenye miti mirefu. Ndiyo maana kila mti mkongwe unaokatwa huniuma.