Bei ya Shamba la Nabothi

Somo: 1 Wafalme 21:1–16, Zekaria 8:4–5



Tukihubiri habari ya Nabothi huwa tunakimbilia Yezebeli. Barua za uongo, mashahidi wa kununuliwa, mawe. Wiki hii naomba tusimame kidogo kwenye aya ya pili, kabla damu haijamwagika. Ahabu alimwendea jirani yake mwenyewe akamwambia: nipe shamba lako, nami nikupe lingine zuri zaidi, ama ukipenda nikulipe thamani yake kwa fedha. Tuseme ukweli, kwa kipimo cha Nairobi hayo ni maneno mazuri sana. Wangapi huku Eastlands wamewahi kuulizwa hivyo kabla tingatinga halijafika?

Nabothi akakataa. Wala hakusema bei ni ndogo. Alisema ni urithi wa baba zake. Je, alikuwa mkaidi tu, ama mahali pa kukaa pana kitu ambacho pesa haikifikii?

Mimi sipingi barabara wala ghorofa. Nani anapenda foleni ya choo asubuhi, ama kununua maji kwa mtungi? Watafiti walipopima kule Mukuru walikuta maskini analipia maji na stima bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wenye mita. Mtaa usiopangwa si mtaa mtakatifu. Hata Torati ina sheria ya ujenzi: Kumbukumbu 22 inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Mpango mwema huanza kwa kumfikiria huyo anayeweza kuanguka.

Kinachonisumbua ni hesabu. Fidia ikija, kinachohesabiwa ni chenye hati, ama angalau chenye mabati. Mpangaji anaambiwa ahame, basi. Na yale yaliyokuwa yakimwezesha kuishi? Duka linalomkopesha unga mpaka mwisho wa mwezi. Mama wa mlango wa pili anayemshikia mtoto jam ikimchelewesha. Chama cha Jumamosi, ushirika wa nyumbani wa Jumatano. Hakuna mthamini anayeandika haya. Ukiwatawanya watu hao, huyu Ruai, yule Kitengela, mwingine Githurai, umebomoa kitu kilichojengwa miaka 20, na hakuna mahali kimeandikwa kwamba kilikuwepo.

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Watu kama 30,000 walipoteza makao. Shule na makanisa vikaenda pia. Barabara ni nzuri, hata mimi naipita. Lakini aliyeokoa dakika zake za safari si yule aliyepoteza nyumba, na hawa wawili hawakuwahi kuketi meza moja.

Kwingine walijaribu kuketi. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru eneo maalum la kupangwa: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Wakazi walijipanga kwa vikundi vya nyumba 10, kisha 100, ili mpango uulizwe mpaka mlangoni. Baadaye lami ikamwagwa na mabomba ya maji taka yakachimbiwa bila mtaa wote kufutwa. Ni jambo la kushukuru. Lakini mwishoni mwa 2021, kule kule Kwa Njenga, maelfu walibomolewa nyumba kwa ajili ya barabara nyingine. Kumbe kuulizwa mara moja si kinga.

Zekaria alipoona Yerusalemu imejengwa tena, hakutuhesabia ghorofa. Aliona wazee na vikongwe wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na watoto wakicheza. Ukipita kwenye majengo mapya ya siku hizi, tafuta mzee huyo ataketi wapi. Chini ni magari, watoto wanacheza kwenye ngazi.

Kisha kuna kufukuzwa kusiko na tingatinga, na hapa tunaguswa sisi wenyewe. Lami inafika, taa za barabarani zinawaka, mwenye ploti anaona mtaa umepanda. Anaangusha vyumba vya mabati, anajenga bedsita. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wapangaji wa zamani wanaondoka mmoja mmoja, kimya kimya, na sisi tunajua tu kwa sababu kiti chao Jumapili kina mtu mwingine.

Wenye ploti wengine tunaabudu nao. Si watu wabaya. Wana mkopo wa benki, na huo mjengo ndio pensheni yao. Je, wanadaiwa chochote na mpangaji aliyelipa kodi miaka 15? Karatasini, akishapewa notisi, mambo yamekwisha. Mimi nasema deni liko. Ile ploti haikupandishwa thamani na lami peke yake. Ilipandishwa pia na watu waliokaa pale kukiwa na matope, wakafungua vibanda, wakalinda usiku, wakafanya mtaa uwe mahali mgeni anaweza kutamani kuhamia. Sasa mgeni amekuja, na wao ndio wanaambiwa hawatoshei.

Simwambii mtu asijenge. Lakini ndugu, kama ramani tayari iko mezani, waambie wapangaji wako mwezi huu, wasije wakaisoma kwa alama nyekundu ukutani. Ngoja watoto wafunge shule. Nyumba zikiisha, waulize wao kwanza kabla hujatundika kibao cha kupangisha, na chumba kimoja ama viwili viwe vya bei wanayoweza. Benki haitakudai hilo.