Mwanafunzi wetu wa chuo anadaiwa nini?



Mwezi huu tunaleta swali lililotusumbua sisi wa kamati ya elimu, na tunaliandika bila kujificha kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani yake. Mtoto wa mkimbizi akipata nafasi ya chuo kikuu kwa msaada wa wafadhili, ile pesa anayopewa ya kula na kununua vitabu ni ya nani? Ni yake, au ni yetu sote?

Tukumbuke kwanza jinsi nafasi hizi zilivyo chache. Ufadhili wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha pamoja na UNHCR mwaka 1992, umepewa jina la Albert Einstein, naye alikuwa mkimbizi. Unalipa ada, tena unatoa fungu la chakula, malazi, usafiri na vitabu. Wanaomba wengi, wanachukuliwa wachache. Mwaka 2019 UNHCR ilihesabu kwamba katika vijana wakimbizi 100 duniani, 3 tu ndio waliokuwa katika masomo ya juu. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilisema 7. Kwa hiyo mmoja akichaguliwa hapa Nakivale, majirani wote wanapiga vigelegele, na kila mtu anajiona amechaguliwa pamoja naye.

Binti mmoja wa kanisa letu alichaguliwa, akaenda kusoma Mbarara. Si mbali, simu inafika. Na simu zilifika kweli. Baba mdogo anaumwa, mdogo wake amefukuzwa shule kwa ajili ya sare, jirani anaoza mtoto. Halafu sisi wa kanisa tukamwandikia barua nzuri yenye muhuri, tukimwomba asisahau nyumba ya Mungu inayovuja. Alituma. Bati mbili za upande wa kwaya ni za pesa yake.

Hatukumwuliza anakula nini. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni. Hakuwa na pesa ya kutoa kopi, akaazima madaftari ya wenzake usiku na kuyarudisha alfajiri. Jumamosi, wenzake wakiwa maktaba, yeye alifua nguo za watu. Mwisho wa mwaka alianguka masomo mawili, na kuyarudia kuna malipo ambayo mfadhili wake halipi. Alipokuja likizo alitueleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetukosea sisi.

Wako watakaosema: basi asitume, pesa ni ya masomo. Jambo si jepesi hivyo. Tangu mwaka 2020 rashoni yetu imepunguzwa zaidi ya mara moja, na mama mwenye watoto watano anajua siku ambazo sufuria haipandi jikoni. Mtoto gani mwenye moyo atakula wali bwenini akijua wadogo zake wamelala na njaa? Na tena Bwana wetu, katika Marko sura ya 7, aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani ili wasiwasaidie wazazi. Mwanafunzi akisema "hii ni ya chuo", je, si Korbani nyingine?

Tulibishana juu ya hilo jioni mbili. Mwishowe tuliona tofauti hii: mtu wa Korbani alikuwa na mali yake, akatafuta njia ya kuinyima wazazi. Fungu la mwanafunzi ni amana aliyokabidhiwa kwa kazi moja, na kazi hiyo ina mwisho wake. Danieli na wenzake watatu walikuwa mateka Babeli, wakawekwa kusoma lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, wakilishwa na mfalme. Yerusalemu kulikuwa na taabu, lakini kazi yao kwa miaka ile ilikuwa kujifunza. Hata chakula walikijadili na msimamizi kwa akili, wakapimwa siku kumi, ili wasimkosee Mungu wala wasidhoofike.

Pesa inaweza kutumwa kwa simu. Ile saa ya maktaba haitumwi, na ikipita haitarudi. Chuo si mitihani tu: ni kubaki nyuma kumwuliza mwalimu ulipokosa kuelewa, ni kusoma kitabu ambacho hakimo katika mtihani, ni kukaa na Waganda na Wanyankole badala ya kujikusanya sisi kwa sisi kona moja. Mtu mwenye njaa na deni hafanyi hata moja katika hayo. Anahudhuria tu.

Wanafunzi nao tuwaambie ukweli. Yuko anayelia shida kwa simu huku ananunua viatu vya pili, na yuko anayerudi likizo akimsemesha bibi yake Kiingereza. Huyo hatumtetei. Mwambie mama yako unapata kiasi gani na unatumiaje; akijua, wengi wetu tutanyamaza. Na siku ukiamua mwenyewe kutuma kidogo kwa sababu mtoto anaumwa kweli, hakuna wa kukuhukumu.

Sisi upande wetu, barua za namna ile hatutaandika tena. Sadaka ya Jumapili mbili zijazo itaenda kulipia yale masomo mawili ya binti yetu, na mama mmoja amekwisha kuleta debe la maharage liuzwe. Pesa ya paa ndiyo itakayongoja. Mvua za Septemba zitatukuta upande wa wababa bado ni turubai, kwa hiyo wababa mje mkae na kwaya.