Mjumbe au Mshenga?

Mtu anayeishi kwa kazi ya kuwatafutia wengine ushindi katika uchaguzi ana majina mengi. Vyama humwita meneja wa kampeni au mtaalamu wa mikakati. Mitaani huitwa mpambe, na neno hilo limetoka harusini. Mpambe ni yule anayempamba bibi harusi na kumsindikiza, ili watu wamwone katika sura iliyo bora kuliko ya siku zote. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mpambe wa siasa anapaswa kuulizwa nini siku ile mapambo yanapovuliwa?

Enzi za chama kimoja kazi hii haikuwa na soko kubwa. Mgombea urais alikuwa mmoja, nasi tulimpigia kura ya ndiyo au hapana. Wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, na chama ndicho kilichowanadi wote wawili. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, mambo yakabadilika. Sisi wa Karatu tulilijua hilo mapema. Mwaka 1995 Dk. Wilbrod Slaa, padri wa zamani, aliachwa katika uteuzi wa CCM, akahamia CHADEMA, akashinda, na akakishika kiti hicho hadi mwaka 2010. Tangu hapo kila chama kilitambua kwamba kura hutafutwa, nayo haiji kwa mazoea.

Kutafuta kura kukawa ufundi, na ufundi ukazaa mafundi. Mfano mmoja ni Kanali mstaafu Abdulrahman Kinana, aliyepata kuwa mbunge wa Arusha, Waziri wa Ulinzi na Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki. Mwaka 2010 aliongoza kampeni za Rais Jakaya Kikwete, na kati ya mwaka 2012 na 2018 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Jirani yetu wa Monduli, Edward Lowassa, alikuwa nguzo ya kundi lililoitwa mtandao, lililomwezesha Kikwete kupata uteuzi wa chama mwaka 2005 na kisha asilimia 80 ya kura. Lowassa akawa Waziri Mkuu. Kwetu basi, kazi hii si ya pembeni. Ni mlango wa kuingilia serikalini.

Hapana budi tuitendee haki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika uchaguzi methali hii haifai kitu. Mtu mwema asiyejua kujieleza hushindwa na mwovu anayejua. Anayemsaidia mwema kupanga hoja zake, kuijua njia ya Endabash na ya Mang'ola, na kusikia wananchi wanalilia maji au soko la vitunguu, huyo anafanya kazi ya heshima.

Ila ufundi huu una vishawishi vyake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Khanga, fulana na pilau vikapata kinga ya sheria, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006, baada ya mashirika ya kutetea haki kufungua kesi. Tazama werevu wa neno lenyewe. Rushwa ilivalishwa joho la adabu zetu, nasi tukaona haya kuikataa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anaishi kwa kazi hii. Aliniamkia, akaketi, tukazungumza kirefu. Aliwahi kumwandikia maneno mgombea mmoja, na sasa alikuwa ameitwa na hasimu wa mgombea huyohuyo. "Mwalimu," alisema, "mimi ni fundi cherehani tu. Fundi haulizwi mteja anaenda wapi na suti yake. Na mjumbe hauawi."

Nilimjibu, "Mwanangu, fundi cherehani humpima anayevaa. Wewe unampima anayetazama."

Alicheka, lakini nami niliendelea kulifikiri lile la mjumbe. Mjumbe hauawi kwa sababu maneno si yake. Ametumwa, naye amefikisha. Mpanga kampeni hayuko hivyo. Maneno anayachagua yeye, na anayachagua kwa kuujua udhaifu wa wanaosikiliza. Anayefanana naye ni mshenga. Mshenga huingia nyumba ya watu akasema: kijana huyu ni mchapakazi, halewi, atamtunza binti yenu. Wazazi wa binti hawamjui kijana. Wanamjua mshenga, na wanatoa mtoto wao kwa dhamana ya ulimi wake. Ndoa ikiingia mchanga, mshenga huitwa, naye huja. Hawezi kusema alitumwa tu.

Mwaka 2015 uliwaweka washenga wetu kwenye mizani. Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya kashfa ya Richmond, aliingia CHADEMA Julai 2015 na kuwa mgombea urais wa umoja wa UKAWA. Kwa miaka mingi chama hicho kilikuwa kimemshambulia kwa jambo hilohilo. Wapambe waliozoea kumtaja kwa ubaya walitakiwa kumwimbia sifa, na muda wenyewe ulikuwa wa majuma tu. Waliobaki walikuwa na hoja: bila mtu mwenye nguvu chama tawala hakitikisiki, na kwa kweli alipata karibu asilimia 40 ya kura. Dk. Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu na aliyegombea urais kwa chama hicho mwaka 2010, alikataa, na Septemba mosi akautangazia umma kwamba amejitoa. Wapo waliomwita msaliti na wapo waliomwita mwadilifu. Mimi nasema jambo moja tu: alijihesabu kuwa mshenga. Alikuwa amewaambia watu neno, akaona hawezi kuwarudia na neno lililo kinyume.

Sasa linganisha na washenga wa kukodi. Mwaka 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kwamba waliisuka upya sura ya chama cha Rais Uhuru Kenyatta mara mbili, wakaandika ilani na hotuba, katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Chama chenyewe kilisema kiliajiri kampuni yenye uhusiano nao kwa kazi ya kujitangaza tu. Iwe hivi au vile, kampuni ile ilifunga milango Mei mwaka uleule. Wakenya walibaki na majirani zao, na maneno yaliyosemwa hayakuondoka na ndege ya kwenda London.

Huku kwetu tunajua maisha ya neno ni marefu kiasi gani. Mwaka 1959, Wamaasai walipohamishwa Serengeti na Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa, Gavana wa Tanganyika aliwaahidi kwamba maslahi yao yatatangulizwa iwapo yatagongana na ya wanyamapori. Gavana alirudi kwao. Mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na wengine wakisema ni kwa kubanwa, ahadi ile ya 1959 ilikuwa ingali midomoni mwa watu.

Kijana wangu aliniuliza kipimo, nami nikampa hiki. Kabla hujaandika sentensi ya kampeni, jiulize kama utaweza kuirudia ukiwa peke yako, miaka mitano baadaye, pale sokoni Karatu siku ya mnada, mbele ya mama aliyeiamini. Ukiweza, iandike, hata kama itakupotezea kura. Usipoweza, mwachie mwingine ujira huo, kwa maana mama yule hatamtafuta mgombea aliyeko Dodoma. Atakutafuta wewe, unayekaa jirani naye.